Reli Yetu Isiyozunguka

Baba Upendo,

Nimehamishwa. Niko Kibondo sasa, na reli yako iko hapa pamoja nami, imekatwa vipande vitatu. Usinune. Soma kwanza.

Mwaka huu wa 2015 Warundi wamevuka mpaka kwa wingi, na kambi ya Nduta ilipofunguliwa tena wauguzi wakahitajika huku. Habari za uhamisho zilinikuta wodini Kasulu. Kitu cha kwanza nilichowaza si kitanda wala vyombo, ni meza ya treni yako. Uliipigilia humohumo sebuleni, kutoka dirishani mpaka mlango wa jikoni, na kwa akili zako zote za ualimu hukuwaza kwamba ipo siku itabidi itoke. Fundi Bukuru, seremala aliyekutengenezea miguu yake, alikuja akaipima, akaupima na mlango, akakaa chini. "Mama Upendo," akasema, "mwalimu aliijenga hii kama mtu asiyehama." Nikacheka. Halafu nikaingia jikoni nikalia, maana ni kweli, hukuwa na mpango wa kwenda popote.

Nilitaka nikueleze mambo kwa utaratibu, lakini unanijia vipande vipande.

Nakuona umepiga magoti na chaki yako, unachora reli sakafuni. Mtoto uliyezaliwa kwenye nyumba za reli Tabora, ukapangiwa kufundisha jiografia Kasulu, ambako mtu akitaka kusikia honi ya treni lazima ateremke mpaka Kigoma. Wenzako waliopangiwa mbali walileta picha za wazazi wao. Wewe ukaamua kuleta reli. Ukaichora stesheni ya Kigoma chini ya dirisha, Uvinza karibu na kochi, kisha ukaiacha njia ya kweli ukakunja kaskazini kuja Kasulu, ambako treni haijawahi kufika. Mwisho kabisa, mlangoni pa jikoni, ukaandika Kibondo. Kwa muda mrefu nilideki kwa kuzunguka stesheni zako.

Na manunuzi yako! Mdogo wako Gasto alikuwa ameona Dar, kwenye duka la vitu vya mitumba, treni ndogo ya umeme ya familia iliyokuwa ikirudi Ulaya. Kichwa kimoja na mabehewa yake, ukamtumia hela ainunue. Reli zilikuwa pungufu, ukaagiza nyingine kwa simu kutoka kwa muuzaji mwingine, bila kumwuliza upana wake. Zilipoletwa na basi tulikwenda stendi wote wawili kuzipokea, umevaa shati la Jumapili. Tukafika nyumbani, ukakiweka kichwa juu yake, magurudumu yakabaki nje huku na huku, kama mtu mzima aliyekalia kigoda cha mtoto. Ukayatazama mpaka ugali ukapoa. Kesho yake nilikuta umeshazikata, umezifanya uzio wa stesheni ya Uvinza. Nilikupenda sana siku ile na sikukwambia.

Halafu ile milima. Magazeti ya zamani na uji wa muhogo. Mimi Muha wa Heru Juu nilikwambia kwamba muhogo ni chakula, hata ukiugeuza gundi unabaki kuwa chakula. Ukasema ukikauka utakuwa jiwe. Panya wakavila vilima vya kwetu vyote, wakaacha vichwa vya habari tu. Ukavijenga upya kwa muhogo uleule, safari hii umeutia pilipili. Panya wakahamia Uvinza.

Umeme wa Kasulu ukikatika hukujali, kwa sababu treni yako ilikunywa betri ya pikipiki. Tulikuwa tukiipeleka kuchajiwa kwenye kibanda cha kuchaji simu, na mwenye kibanda aliamini mpaka mwisho kwamba tuna pikipiki.

Lakini ugomvi wetu hasa ulikuwa wa umbo la njia. Mimi nilitaka duara, iende na irudi yenyewe, nami nipike kwa raha. Wewe ukakataa katakata. "Treni ya kweli haizunguki," ulisema. "Inakwenda mahali, na huko kuna mtu wa kuipokea." Mtu huyo nilikuwa mimi. Hata kizuizi cha mwisho wa reli ulikataa kuweka, ukasema kizuizi ni mke wako. Basi kila jioni ukishika ile swichi ya mwendo pale Kigoma, unaita, "Kibondo, uko tayari?" Naacha mwiko, nakuja kusimama mlangoni nikilalamika. Naidaka kabla haijaanguka sakafuni, nakigeuza kichwa, nakifunga upande wa pili, nakurudishia. Nililalamika sana, Baba Upendo. Leo ningeacha sufuria iungue kabisa ili nisikie ukiniita.

Mwaka jana presha ilikuchukua ukiwa darasani. Tukakupeleka Tabora, ukalala karibu na baba yako, mahali ambapo treni inasikika ikipita. Nilikuonea wivu kidogo kwa hilo. Siku ya kumaliza matanga kaka zako waligawa nguo zako, kama ilivyo desturi, na mmoja akasema treni nayo igawanywe, kila mtoto wa ukoo apate behewa lake awe na kumbukumbu. Nilikuwa nimekaa mkekani, nimeinamisha kichwa kama mjane anavyotakiwa. Nikakiinua. Nikasema nguo chukueni, na viatu chukueni, lakini treni ikigawanywa si treni tena. Gasto akasema, "Shemeji ameshasema." Yakaishia hapo. Niliporudi Kasulu niliifunika kwa kanga, sikuigusa tena mpaka uhamisho ulipokuja.

Sasa hii nyumba ya Kibondo sebule yake ni ndogo, ya mraba. Fundi Bukuru alikuja na lori pamoja na vipande vya meza aliyoikata, akaingia, akatazama, akatikisa kichwa. "Hapa linaingia duara tu, Mama." Upendo naye akanipigia kutoka chuoni Mwanza: "Mama, fanya duara. Uko peke yako, nani atakuwa anapokea?" Wote wawili walisema kwa upendo. Na mwenyewe unajua, duara ndilo nililolitaka miaka yote.

Nikaagiza reli za kupinda. Safari hii nilimwambia muuzaji achukue rula apime upana huku nikimsikiliza kwenye simu, akadhani nina wazimu. Zikaja, zikakaa sawasawa. Nikaunga waya kwenye betri, nikaifungulia. Ikaenda, ikarudi. Ikaenda, ikarudi. Nilikaa kitini nikiitazama, ikanipanda hasira ambayo sikuijua imetoka wapi. Inarudi, inarudi, haichoki kurudi, na wewe hurudi. Nikachomoa waya. Siku zilizofuata sikuweza hata kuingia sebuleni.

Nyumba hii ina korido ndefu, nyembamba, inayotoka sebuleni mpaka mlango wa nyuma. Nilimwita tena fundi, nikamwambia apunguze upana wa meza yako na kuipigilia ukutani, vipande vyote vitatu, korido nzima. Milima mingine imebaki nusu, nisamehe. Anayepita anapita ubavu, na wageni wananishangaa. Fundi alipomaliza akaniuliza, "Sasa nani atasimama kule mwisho?" Nikamwekea chai.

Safari ya kwanza nilichelewa. Ikaanguka, behewa moja likapasuka pembeni, nimeligundisha kwa gundi ya mbao, si ya muhogo. Tangu hapo nimejifunza. Swichi naifungua kidogo tu, treni inatambaa kwa mwendo wa mama mjamzito akiingia wodini. Naiacha Kigoma, natembea pembeni yake. Uvinza tunalingana. Kufika Kasulu naipita, na hapo ndipo napenda kukutazama usoni, kana kwamba bado umeshika swichi kule Kigoma, lakini nikigeuka naona ukuta.

Nimekukumbuka, mume wangu. Nimekukumbuka mpaka mikononi, kwa sababu mikono yangu imezoea kupokea kitu ulichokituma wewe.

Pumzika, Mwalimu. Uliiacha reli yenye ncha mbili na mtu mmoja, nami nakuahidi treni yako haitafika mahali pasipo na mtu. Kila nikitoka zamu naifungulia. Nalia njiani, sikufichi, lakini nafika kabla yake.

Mkeo,
Mama Upendo