Kimelea Hakikufa

Aurore, acha yenye unafanya, usome. Professeur amemuibia Joviale wetu kazi, mbele ya macho yake.

Miaka tatu Joviale anachunguza enzyme yenye kimelea cha malaria kinatumia kutengeneza mafuta yake. Alitumaini kama ukiizuia, kimelea kitakufa, utapata dawa. Leo mu conférence professeur anasoma ile kazi sawa vile ni yake mwenyewe, jina la Joviale halimo. Kisha anamuambia: "Mademoiselle, gawia watu maji."

Gawia watu maji, Aurore. Kazi yake, na yeye agawe maji.

Na alikuwa anasoma texte ya zamani, yenye Joviale aliandika mbele ya kupima tena. Akatangaza kama kimelea kinakufa, dawa iko karibu.

Joviale akaweka chupa chini. "Papa Professeur, hakikufa. Nilipima tena mara ine. Ukizuia ile enzyme, kinaiba mafuta mu damu ya mugonjwa, kinaendelea kuishi."

Professeur akamukatiza: "Nani alikuruhusu kupima tena?"

Nani alimuruhusu, eti.

Akamuomba ufunguo ya labo palepale. Joviale akamupa. Halafu akaikala mbele, akafungua kaye yake ya vipimo, na badocteur wakaanza kumuuliza maswali yeye, hapana professeur.