Taa za Kibofu

Jumanne, Machi 4

Siku ya kumi na tisa ya ndoa! Mume wangu katoka kazini machinjioni na ndoo ya vibofu vya ng'ombe — wenzake walikuwa wanavitupa shimoni. Tukaviosha kwa maji ya chumvi, tukakwangua mafuta. Kisha yeye akashika mdomo wa kibofu, mimi nikajaza upepo kwa pampu ya baiskeli. Kikavimba kama tikiti! Kimoja kikampasukia usoni. Nilicheka hadi nikakaa chini. Hata akiwa na majimaji kwenye kope, mzuri jamani.

Wifi yangu kapita mlangoni, kaziba pua. Eti wenzangu kwenye fungate huletewa maua, mimi naletewa vibofu. Nikamwambia maua yananyauka, wifi!

Alhamisi, Machi 6

Vimekauka kivulini. Vyepesi kama ganda la kitunguu, wala havinuki. Tukakata chini, tukatia balbu isiyochoma. Mwanga wa asali! Vijishipa vinaonekana kama vya jani. Mume wangu akazima, akawasha, akazima. Kimya. Namjua sasa: akinyamaza hivyo, amefurahi.

Nikapeleka taa moja kwa mama mwenye mgahawa wa kona. Kaitundika papo hapo juu ya kaunta. Anataka nyingine sita! Wateja wake wakizipenda, mume wangu ataacha kuosha matumbo, atengeneze taa tu. Ndiyo ndoto yetu.

Mama akauliza hiyo karatasi tumeitoa wapi. Nikasema tunatengeneza wenyewe, kwa mkono. Sikusema kwamba si karatasi. Ulimi wangu huu!

Jumapili, Machi 9

Sita tayari. Nikamsimulia mume wangu habari ya karatasi, nikidhani atacheka. Hakucheka. Akaweka chini uzi wa kutundikia. Anasema yeye hana aibu na kibofu. Nikikiita karatasi, nimekirudisha shimoni. Wala hakupandisha sauti. Bora angepandisha!

Ugomvi wetu wa kwanza — kama ule ni ugomvi. Baadaye kaniletea chai, sukari vijiko viwili, bila kuuliza. Nampenda mno. Kesho nitasema mwenyewe, kwa kinywa changu.

Jumatatu, Machi 10

Naandika mgahawani, meza ya nyuma, mume wangu kando yangu, taa sita miguuni petu. Nimesema! Mama, ile si karatasi, ni kibofu cha ng'ombe, nisamehe nilikuficha. Wateja wawili wakageuka. Mmoja akakihamisha kikombe chake kutoka chini ya taa. Mama akauliza, kibofu kipi, cha mkojo? Mume wangu akajibu ndiyo mama, hicho hicho, tumekiosha mara saba. Akaanza kumweleza chumvi, pampu, kivuli, mikono ikicheza hewani. Sijawahi kumsikia akiongea hivyo mbele ya mgeni! Mama akaigusa taa kwa kidole. Akanusa kidole. Akasema tusubiri, akaingia ndani.

Sijutii. Akikataa, tutaenda kwa mwingine, na neno la kwanza litakuwa kibofu. Mume wangu kanishika mkono chini ya meza, naandika kwa mmoja.

Mama anarudi. Kabeba ngazi! Ni ya kuitungua ile moja, au kutundika hizi sita? Anamwita mume wangu amshikilie ngazi. Mkono wangu ameuachia, kaenda. Mama kakanyaga kidato cha kwanza —