Picha ya Ujerumani Niliyoikata Nusu

Shikamoo mshauri, na kama kumbe mimi ndiye mkubwa basi unisamehe kwa kuitanguliza, mimi ni mama wa miaka sitini na mbili, naishi Bigwa hapa Morogoro, shule niliishia darasa la saba kwa hiyo mwandiko wangu uuvumilie, lakini ukifika Bigwa ukauliza kwa Mama Juliana utaletwa mpaka mlangoni, kwa sababu mwanangu Juliana ndiye msichana wa kwanza wa ukoo wetu kusoma chuo Mzumbe, nilimsomesha kwa ndizi na tangawizi nilizoteremsha kutoka Kinole, mlimani kwetu, kwa kichwa hiki hiki, halafu akaenda Ujerumani kuongeza masomo akapata mchumba huko, Matthias, kijana mtulivu anayeosha vyombo bila kuambiwa, na mwaka huu mwezi wa sita wakanitumia tiketi, nikapanda ndege mimi huyu, tena nikakaa dirishani.

Natamani ningeishia hapo, mshauri.

Kwetu Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na mashamba ya mlimani yanashuka kwa upande wa mama. Na tuna mwana hiti, yaani mtoto wa kuchongwa kwa mti, hana mikono wala miguu, nywele zake zimegawanyika mafungu mawili, msichana akivunja ungo akiwekwa ndani anakabidhiwa huyo mtoto amlee, ampake mafuta, alale naye, ajifunze umama. Wa kwetu alilelewa na bibi yangu, na mama yangu, na mimi, na mdogo wangu Angelina, mpaka Juliana mwenyewe. Fungu moja la nywele lilivunjika zamani mama akalifunga kwa waya wa shaba, na shingoni ana shanga za bluu, moja imepasuka. Mama alipofariki aliniachia mimi kwa kuwa ndiye mkubwa, nikamtunza kwenye sanduku la bati.

Miaka minane iliyopita Juliana alikuja na Matthias tukafanya harusi, harusi ambayo Bigwa bado wanaisimulia, na wiki moja baada ya wao kuondoka nikafungua sanduku nikakuta mwana hayupo. Ufunguo wa pili alikuwa nao Angelina peke yake, maana ndiye alikuwa akinisaidia wageni wakati wa harusi. Sikumwita pembeni hata kumuuliza, nilikwenda moja kwa moja kwa mjomba Rehani ambaye ndiye mkubwa wa ukoo, kikao kikakaa Kinole, na pale mbele ya watu nikasema mdogo wangu amemuuza mwana kwa watalii. Angelina akalia akasema, "Dada, mimi nimuuze mwana niliyemlea kwa mikono yangu?" Nikamjibu, "Hayo machozi mpelekee uliyemuuzia."

Wakamtoa katika wanawake wanaoingia kufunda wali, yaani wasichana waliovunja ungo. Akahama na binti yake Judith, wakaenda Dakawa kwenye mashamba ya mpunga, na Judith alipovunja ungo mimi mama yake mkubwa nilitangaza kwamba atakayekwenda huko asinisalimie tena. Hakwenda mtu. Nasikia Angelina alimfunda mwanawe peke yake, mikono mitupu.

Sasa huko Ujerumani, Jumamosi moja wakasema leo tunampeleka mama matembezi, tunakwenda asubuhi tunarudi jioni, kwenye mji wa kale alikozaliwa Matthias, jina lake ni refu siliandiki nisije nikaliharibu. Tukaenda kwa treni, mimi, Juliana, Matthias, mjukuu wangu Doreen, na mama yake Matthias. Mshauri, ni mji mzuri, umezungushiwa ukuta wa mawe, nyumba zina mbao zimepishana nje kama mbavu na kila dirisha lina maua, barabara zote za mawe, na mimi nimevaa kitenge changu cha kushona kwa fundi, watu wanageuka kuniangalia, Doreen kanishika mkono ananiita bibi, bibi, nikajisemea wanawake wa Bigwa wangeniona leo wangekosa la kusema. Tulikula soseji tumekaa mbele ya kanisa la zamani, mama yake Matthias akanimegea mkate wake. Halafu akasema, Juliana akitafsiri, kwamba kuna kitu wameniwekea nikione, nitafurahi.

Ni makumbusho madogo ya mji wao. Tukapita mapanga, tukapita vyombo vya udongo, tukafika chumba cha ndani, na kwenye sanduku la kioo lenye taa nikamwona mwana hiti. Nikaona waya wa shaba. Nikazihesabu shanga mpaka iliyopasuka. Chini pana kibao, na jina la ukoo wa Matthias.

Nikasema kwa Kiswahili, "Juliana, huyu ametoka wapi?"

"Mama, tusiongee hapa."

"Hapa hapa. Hakuna anayetusikia."

"Nilimtoa kwa ufunguo wako, nikampa Matthias kama zawadi ya harusi. Baba yake akaona ni kitu cha maana, akakileta hapa kitunzwe. Mama, kile kinyago kilikuwa kinaliwa na mchwa kwenye sanduku, hakuna aliyekuwa anakitumia."

"Mama yako mdogo ametupwa kwa ajili yake."

Akamwangalia Doreen, akasema, "Mimi sikumshtaki mtu. Wewe ndiye uliyemshtaki."

"Ulijua?"

"Nilisikia. Nilidhani yatapita."

Mama yake Matthias alikuwa amesimama pale anatabasamu, macho yamemjaa furaha, akatoa simu, anataka nisimame kando ya kile kioo anipige picha. Nikasimama, mshauri. Nikacheka, meno yote nje.

Nimerudi tangu mwezi wa nane. Ile picha nilimpa Diana wa stesheneri anichapie kubwa, lakini nikamwambia akate upande wa kulia, nibaki mimi tu na ukuta. Nimeitundika sebuleni, kila mgeni anaisifu. Mjomba Rehani aliiona akaniuliza, "Huko kwa Wajerumani hukukuta chochote cha kwetu?" Nikamwambia hapana.

Na sasa mjomba ameitisha kikao Kinole, zimebaki Jumapili tatu. Wanataka shamba la Angelina, kwa kuwa ameliacha na ana doa, apewe Juliana ajenge nyumba ya kufikia akija likizo. Juliana ameshatuma ramani. Nikisema ukweli, mwanangu niliyemwimba miaka yote anakuwa mwizi mbele ya ukoo mzima, na mimi nitauweka wapi uso wangu, na Doreen atapokelewaje. Nikinyamaza, mdogo wangu anapoteza shamba la mama yetu. Nikimpigia Juliana anasema, "Mama, ukianza hayo mambo sitakuja tena." Chakula hakipiti. Nielekeze mwenzangu, wewe ni mama pia.

Mama Juliana, Bigwa

*

BI HALIMA ANAJIBU

Marahaba, Mama Juliana. Nimekuzidi miaka mitano, kwa hiyo nitakusema kama dada yako, na leo sitakupapasa.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Umenieleza ndege, dirisha la ndege, kitenge, soseji na maua ya madirishani. Juu ya miaka minane ya Angelina huko Dakawa umeandika mistari michache. Hukusema anaishi vipi, wala anaumwa au mzima. Nadhani hujui.

Nakuonea huruma kwa ile Jumamosi. Kukutana na mwana wa mama yako ndani ya kioo, ugenini, huku watu wanakutaka ucheke, ni jambo zito, na mama yake Matthias hakujua anapiga picha ya nini. Na Juliana amekosa, tena vibaya. Kuchukua bila kuomba ni kosa la kijana, lakini kusikia mama yake mdogo anatupwa na kunyamaza miaka minane ni kosa la mtu mzima aliyesoma. Huko Mzumbe hawakumfundisha hivyo na wewe hukumlea hivyo.

Ila alikwambia neno moja la kweli, na ndilo linalokunyima chakula. Hakumshtaki mtu. Aliyeruka kutoka kwenye sanduku mpaka kwa mjomba Rehani bila kumuuliza mdogo wake hata swali moja ni wewe. Aliyezuia wanawake wasiende kwa Judith ni wewe. Juliana alichukua mwana wa mti. Angelina umemchukulia ukoo, na Judith umemchukulia siku ambayo msichana haipati mara ya pili.

Unaniuliza uso wako utauweka wapi. Angelina aliuweka wapi wa kwake?

Sasa fanya hivi, tena kabla ya hicho kikao. Wiki hii nenda Dakawa, mwenyewe, usimtume mtu na usipige simu. Usibebe chokoleti wala kanga mpya, maana ukifika na zawadi atalazimika kukukaribisha, na wewe hustahili kukaribishwa kwa lazima. Mwambie: "Hukumuuza. Ni Juliana. Nimejua tangu mwezi wa sita na nimenyamaza." Hilo la kunyamaza usiliruke. Kisha mgeukie Judith umwambie wewe ndiye uliyewazuia. Akikufukuza, ondoka, rudi wiki inayofuata. Usimdai msamaha, hana deni kwako.

Kinole utasimama mahali pale pale uliposimama, mbele ya watu wale wale, na utasema kwa sauti ile ile. Juliana awepo kwa simu, iwekwe wote wasikie, aseme kwa kinywa chake. Akikataa, sema bila yeye. Anakutishia kwamba hatakuja tena? Mwache atishe. Doreen ni wa ukoo wenu kwa mama yake, hakuna kikao kitakachomtoa, na siku moja atauliza jina la mama mdogo wa mama yake. Lile shamba ni la Angelina, na baada yake ni la Judith. Ramani ya nyumba Juliana aikunje.

Kuhusu mwana hiti, mweleze Matthias ukweli. Sidhani kama anaujua. Yeye na mama yake waandike kule kwenye makumbusho yao waombe arudishwe. Itachukua muda, na huenda wakakataa. Ndiyo maana toba yako isimsubiri.

Naogopa, Mama Juliana, kwamba hata ukifanya haya yote Angelina anaweza asikupe mkono. Utakuwa umechelewa, na utaishi na kuchelewa huko. Fanya hivyo hivyo.

Kwanza kabisa, kabla hujafunga safari, teremsha hiyo picha ya sebuleni. Rudi kwa Diana, mwambie aichape upya bila kukata kitu, kioo na taa na waya wa shaba vyote vionekane. Hiyo ndiyo uende nayo Dakawa. Ukirudi, itundike nzima, au ukuta ubaki mtupu.