Kikao cha Dharura Kuhusu Misalaba Iliyong'olewa Makaburini

JUMUIYA NDOGO NDOGO YA MT. MONIKA, MTINKO

Kumbukumbu za kikao kilichofanyika Alhamisi, tarehe 31 Oktoba 2024, nyumbani kwa Katekista, kuanzia saa 10:00 jioni

WALIOHUDHURIA
1. Ndg. Leonard – Mwenyekiti
2. Bi. Magdalena – Katibu
3. Mzee Antipasi – Katekista
4. Mama Editha – Kiongozi wa WAWATA (umoja wa wanawake Wakatoliki)
5. Bibi Severina – Mjane wa marehemu Mzee Amosi
Pamoja na wanajumuiya wengine, wengi kuliko wanaokuja kwenye rozari.

WASIOHUDHURIA
Ndg. Michael – kwa taarifa (anauguza)
Ndg. Joshua – bila taarifa, ingawa asubuhi alionekana mnadani

KUMB. NA. 1/10/2024: KUFUNGUA KIKAO
Mwenyekiti alifungua kikao kwa sala na kuomba mazungumzo yawe ya upendo. Mama Editha aliitikia "Amina" kabla sala haijaisha.

KUMB. NA. 2/10/2024: YATOKANAYO NA KIKAO KILICHOPITA
Kikao kilichopita kiliagiza makaburi yasafishwe, kwa kuwa Padre atakuja kuyabariki Jumamosi, Siku ya Marehemu Wote. Mwenyekiti alieleza kwamba kazi ilifanyika Jumanne. Kwa jinsi nyasi zilivyokauka, aliona zichomwe badala ya kufyekwa, ili kazi iishe mapema. Akihofia misalaba ya mbao isije ikaungua, aliagiza ing'olewe yote kwanza na kulazwa nje ya uzio. Hakuna msalaba hata mmoja ulioungua. Mwenyekiti aliomba jambo hilo liandikwe. Limeandikwa.

KUMB. NA. 3/10/2024: KURUDISHA MISALABA
Mwenyekiti alikiri kwamba misalaba ina majina lakini makaburi hayana. Vilima vya udongo vilishasawazishwa na mvua na kwato za ng'ombe, na sasa jivu limefunika kila kitu, hata mashimo ya misalaba. Alipendekeza misalaba isimikwe kwa mistari iliyonyooka, akasema Padre atapendezwa.

Mama Editha aliuliza kama marehemu nao watahamia kwenye mistari hiyo. Aliongeza kwamba haraka haraka haina baraka, na kwamba mafyekeo yalikuwepo. Mwenyekiti alisema mafyekeo yalikuwepo ila wenye mafyekeo hawakutokea. Maneno yaliyofuata hayakuhusu ajenda.

Katekista alieleza kwamba yeye ndiye aliyeongoza mazishi ya wote wenye misalaba hiyo na anakumbuka nani alimfuata nani, kwa kuwa tunazika kwa kufuatana. Tatizo ni kwamba katikati yapo makaburi ya zamani yasiyo na misalaba, hivyo hajui aanzie wapi. Likipatikana kaburi moja la hakika, mengine atayataja.

Bibi Severina aliomba nafasi. Wajumbe wanafahamu kwamba ana mtoto wa jicho na haoni vizuri. Katibu ananukuu: "Mwanangu Leonard, miaka yote naomba nizikwe ubavuni kwa Amosi. Nafasi yangu ipo pale. Sasa mkikosea mkanilaza kwa Mzee Stanley, waliyegombania naye malisho mpaka kufa kwao, nitakaaje huko?" Kisha alilia. Hakuna aliyecheka.

Mwenyekiti alisema: "Nisamehe, mama. Nilitaka kuiokoa misalaba." Bibi alijibu kwamba anajua, ndiyo maana hajasema neno baya.

Mama Editha aliuliza Bibi hulionaje kaburi kila Jumapili. Bibi alijibu kwamba halioni. Huanza Litania ya Bikira Maria getini, akanyoosha kufuata uzio, na akifika "Mlango wa Mbingu" anakuwa amesimama kwa Amosi. Mwenyekiti alisema mwendo wa sala hubadilika. Bibi alijibu: "Wako ndio hubadilika, ukisikia ugali umeiva."

Azimio: Kikao kihamie makaburini mara moja.

KUMB. NA. 4/10/2024: UKAGUZI MAKABURINI
Bibi Severina alianza litania getini, wajumbe wakimfuata nyuma na kuitikia "utuombee". Mama Editha alimshika mkono. Bibi alimwomba amwachie, kwa sababu alikuwa anamvuta. Alipotamka "Mlango wa Mbingu" alisimama kwenye jivu tupu, mahali pasipotofautiana na pengine popote. Katibu aliogopa kwa niaba yake.

Mwenyekiti na Mama Editha walipiga magoti na kufukua jivu kwa mikono. Walikuta shimo la msalaba, na chini yake jiwe lililokaa mshazari. Katekista alikumbuka kwamba siku ya kumzika Mzee Amosi fundi aligonga jiwe hilo, akaukata mguu wa msalaba mshazari ili ukae. Msalaba uliletwa. Uliingia, ukasimama umeinama kuelekea uzio, kama ulivyoinama miaka yote na kama Mwenyekiti alivyoulalamikia katika vikao vingi.

Vigelegele vilipigwa. Mwenyekiti na Mama Editha walipeana mikono, yote ikiwa na masizi, na Katibu anaandika bila kuficha kwamba yeye mwenyewe alilia kwa furaha. Katekista alianzia hapo kuwataja waliofuata mmoja mmoja, na kabla ya giza kila msalaba ulikuwa umerudi kwa mwenyewe. Mzee Stanley alipatikana mbali, upande wa pili.

KUMB. NA. 5/10/2024: MENGINEYO
Iliazimiwa kwamba nyasi za mwakani zifyekwe.

Mwenyekiti aliuliza kama msalaba wa Mzee Amosi unyooshwe kwa saruji kabla Padre hajafika. Wajumbe wote walikataa, na baada ya kufikiri naye alikataa.

Mwenyekiti alibeba jiwe jingine mwenyewe na kuliweka kando ya kaburi hilo, kuonyesha nafasi ya Bibi Severina. Bibi aliinama akalipapasa, akashukuru. Alisema sasa hana haraka tena ya kufa, maana mahali papo.

KUMB. NA. 6/10/2024: KUFUNGA KIKAO
Kikao kilifungwa palepale makaburini saa 12:30 jioni. Mwenyekiti alianza sala ya kufunga. Bibi Severina alimwomba aianze upya, polepole. Akaianza upya.

Leonard (sahihi)
MWENYEKITI

Magdalena (sahihi)
KATIBU