Mwaka wa Baba Ulipoitwa

Nyumba za Walimu,
Nyuma ya maabara.
Jumapili jioni.

Mpendwa dada yangu,

Hujambo huko kwenye baridi? Shemeji hajambo, na kile kikohozi cha mtoto kimepoa? Sisi huku wazima, ila mimi sina pa kuuficha uso. Heri ulisikie kwangu kabla watu hawajakupigia simu.

Shule yetu imetimiza miaka mia. Unaijua: katikati ya mji, ukuta wa mawe, madawati yaliyochongwa majina ya baba na mwana. Mkuu wa shule akanipa hotuba mimi, mwalimu wa historia. Nikapamba weee. Nikaitaja maabara ya kwanza mjini, nikayataja matokeo ya hesabu mpaka vigelegele vikapigwa. Kisha nikasema milango ilikuwa wazi kwa kila mtoto tangu siku ya kwanza.

Uongo mtupu, na nilijua. Zamani wasichana hawakupokelewa. Mama yako alirudishwa getini, kaka yake, marehemu baba yangu, akaingia. Lakini hilo lingeharibu utamu wa hotuba. Naye Shangazi, mama yako huyo huyo, alikaa mstari wa mbele, tena alinipigia makofi.

Sasa ile desturi yetu: wahitimu huitwa mwaka kwa mwaka, wakasimama. Ulipoitwa mwaka wa baba walisimama wazee watatu, na Shangazi akasimama nao. Mshereheshaji, utani wake hauna breki, akamuuliza, "Mama, nawe ulisoma hapa?"

"Nilikuwa nafua sare ya kaka," akajibu.

Ukumbi mzima ukacheka. Mshereheshaji akatugeukia: "Jamani, huyu mama ni wa nani?" Kipaza sauti nilikuwa nacho mkononi, dada. Nikajifanya napanga karatasi. Shangazi akaketi mwenyewe, taratibu.

Nimemwomba Mkuu niisahihishe hotuba kesho mbele ya wanafunzi wote. Amenuna, ila amekubali. Leo nimekwenda kumwomba Shangazi radhi, na kumwomba aje. Akanimiminia chai kama kawaida, wala hakunigombeza. Hapo ndipo aliponimaliza.

"Nitakuja," akasema. "Mambo ya geti ni ya zamani, yaseme ukitaka. Mimi nataka tu waulize tena mimi ni wa nani, na wewe uwe umesimama pale pale."

Nisalimie shemeji na watoto. Mungu awafunike huko mliko, nami anipe sauti kesho.

Wako akupendaye, na mwenye aibu zake,
Mtoto wa mama yako.