Baba Alivyomtafuta Bura

Ganako, Karatu,
Wilaya ya Mbulu.
22 Agosti 1965.

Mpendwa mdogo wangu Cresensia,

Pokea salamu zetu kutoka huku kwenye baridi. Hujambo? Kile kifua kilichokusumbua wakati wa Pasaka kimepona? Na joto la Tanga umekwisha kulizoea? Sisi ni wazima wa mwili. Shemeji yako Piusi hajambo, yuko shambani anamalizia kuvuna. Watoto hawajambo, ila mdogo ana upele kichwani, nami nampaka dawa ile uliyotutumia.

Mwaka jana uliniandikia nisilitaje tena jina la baba katika barua zangu. Nilikutii, na ndiyo maana hukujua kwamba alirudi. Leo nisamehe, sina njia ya kukuandikia bila kumtaja. Keti kwanza. Baba alifariki tarehe thelathini Julai, adhuhuri, hapa nyumbani kwangu. Tulimzika kesho yake.

Najua utauliza kwa nini nilimpokea. Aliyempokea si mimi. Machi ya mwaka jana nilirudi kutoka mtoni nikamkuta mzee amekaa kando ya ukuta, amekonda, na Piusi amekwisha kumpa uji. Alikuwa ametembea kutoka Oldeani, kwenye mashamba ya kahawa alikofanya kazi miaka yote ile. Alisema ameacha pombe, kwamba mwanamke aliyekuwa akiishi naye huko amekufa, na kwamba anataka kumwona mama. Nilitamani kumfukuza. Piusi akasema mzee hafukuzwi, akamtandikia kwenye stoo ya mahindi.

Alikwenda Daa kwa mama mara tatu. Mara mbili mama alifunga mlango, naye akakaa langoni pa zizi mpaka jioni, kisha akarudi. Mara ya tatu nilimsindikiza kwa sababu miguu ilikuwa imemvimba. Mama akatoka. Ule mkono wake uliopinda aliuficha ndani ya shuka. Baba akasema amekuja kuomba msamaha, na kama mama angekubali, waishi pamoja siku zilizowabakia.

Mama hakumtukana. Alimwita kwa jina lake, jambo ambalo sikuwa nimelisikia maisha yangu yote.

"Tluway," alisema, "nionyeshe ulipomzika mwanangu. Ukinionyesha, nitakusikiliza."

Wewe ulikuwa mchanga siku zile, na haya umeyasikia nusunusu. Ulipougua ukiwa na miezi mitano, mama alikubeba mgongoni mpaka hospitali ya misheni kule Mbulu, nami nikafuatana naye kumsaidia mizigo. Kaka yetu Bura, wa miaka minne, alibaki na baba. Alikuwa mzima kabisa, anakimbizana na ndama. Tulikaa huko majuma matatu. Tuliporudi Bura hayupo. Baba alisema homa ilimchukua kwa siku mbili, kwamba alimnywesha maji kwa mkono wake mpaka mwisho, na kwamba alifia mapajani pake. Mama alipomuuliza kaburi liko wapi, akajibu kwa hasira. Alipouliza tena, akachukua fimbo. Mkono ule ulivunjika siku hiyo, nasi tukahamia Daa kwa wajomba.

Basi baba akaenda kutafuta. Lakini kiwanja chetu cha zamani sasa ni sehemu ya shamba la ngano la Inosenti, yule mwenye trekta. Nyumba haipo, miti imeng'olewa, hata njia ya kwenda mtoni imelimwa. Inosenti ni mtu mwelewa. Alimwambia asubiri mavuno. Agosti ile mashina ya ngano yakiwa bado ardhini, baba akaanza kuchimba kwa jembe langu.

Alichimba mpaka Novemba, Cresensia. Kila asubuhi alikwenda, na kila shimo alilifukia kabla ya kuchimba jingine ili asimharibie mwenye shamba. Watu wakavumisha kwamba anatafuta mali iliyofukiwa na Wajerumani. Wengine walikuja kusimama kando na kucheka. Siku moja alipata mfupa, akaukimbiza kwa katekista Valeriani ameufunga katika kitambaa. Ulikuwa wa mbuzi.

Sasa nikuambie jambo langu baya. Nilichoka kuona aibu ile. Nilimwambia baba apange mawe mahali popote, Valeriani aje kusali, mama aonyeshwe hapo naye apumzike. Nilimwambia mama hatajua. Baba aliegemea jembe.

"Nimemdanganya vya kutosha," alisema. "Hili usiniombe, mwanangu."

Mvua zilipokaribia alinitaka tuende Daa. Alikataa kuketi. Akamwambia mama kwamba kaburi halikuonekana na halitaonekana. Kisha akasema lile ambalo hakuna aliyelijua. Bura hakufia mapajani pake. Mtoto alianza homa asubuhi, naye akamfungia ndani akaenda kwenye pombe ya harusi, akidhani atarudi jioni. Alirudi baada ya siku mbili. Alimkuta karibu na mlango. Alimzika akiwa bado amelewa, hakumbuki ni upande gani, wala hakuchimba kwa kina.

"Alikufa peke yake, Mama Leonida," alisema. "Maji hakupewa na mtu."

Mama alisimama pale kama mtu anayesikiliza sauti ya mbali. Halafu akaingia ndani na kufunga mlango. Nilibisha hodi, hakunifungulia hata mimi.

Tulirudi Ganako. Usinidhanie nilimwonea huruma. Jioni ile nilimtolea nguo zake nje ya stoo. Akaenda kwenye kilabu cha pombe, akalewa siku tatu, baada ya kukaa miaka miwili bila kuonja. Piusi alimrudisha begani, amejikojolea, analia. Nilimwambia mume wangu achague, yeye au mimi. Piusi akajibu kwamba hachagui, akamwosha.

Baba hakunywa tena. Alikaa, akawa anachunga mbuzi wetu na kurekebisha ua. Pasaka mama alikuja kwangu, akala katika chumba kimoja naye, hawakusemeshana. Baada ya chakula baba alimtuma Piusi amuulize kama anaweza kuishi naye, hata kwa nyumba mbili. Mama alijibu hapana, akamtuma Piusi amwambie kwamba hana nguvu za kumlilia mtoto mara ya pili na kumpikia mume kwa pamoja. Baba alipoambiwa aliitikia kwa kichwa, akaenda kufungua mbuzi.

Baridi ya Juni ilimshika kifuani. Alipoanza kutema damu nilipeleka habari Daa, nikijua mama hatakuja. Alikuja siku ile ile, na kikapu chake cha nguo. Alimuuguza siku tisa. Alimlisha, alimgeuza, alimnywesha maji kijiko kwa kijiko kwa mkono ule uliopinda. Sikuwasikia wakizungumza zaidi ya mambo ya mgonjwa. Mara moja tu nilipopita mlangoni baba alikuwa akiuliza kama amemsamehe. Mama alisema, "Sijui, Tluway. Kunywa." Akanywa.

Aliomba azikwe pembeni mwa shamba lile la ngano, na Inosenti akakubali. Watu walikuwa wachache. Mama hakulia. Wengine walipoondoka alibaki, akatembea shambani taratibu kutoka mpaka mmoja hadi mwingine, akiangalia chini, mpaka nilipomfuata nikamshika mkono.

Njiani nilimuuliza nikuandikie nini. Alinijibu hivi, nami nayaweka maneno yake kama yalivyo: "Mwandikie mdogo wako. Usimwambie baba yake alikuwa mtu mwema. Mwambie mwishoni alisema kweli, na kweli hiyo ilimgharimu nami imenigharimu."

Mdogo wangu, sikulazimishi kumlilia. Mimi mwenyewe sijalia bado. Naamka, nakamua, napika. Kinachoniuma ni kwamba mimi, niliyemhukumu miaka yote, ndiye niliyemfundisha uongo, naye ndiye aliyeukataa. Ukipata ruhusa kazini, njoo umwone mama. Amezeeka ghafla.

Piusi anakusalimu sana, na Valeriani, na shangazi Nashipai ambaye bado anauliza utaolewa lini. Barua hii naipeleka dukani kwa Mwajabu ili apewe dereva wa Arusha. Mungu akulinde katika zamu zako za hospitali, na asikuache peke yako mahali popote.

Ni mimi dada yako, nikupendaye kuliko ninavyojua kuandika,

Leonida