Hewa Tuliyoiita Mama Sifa

Mujukuu wangu Zaina,

Huku Kasongo tuko wazima. Mdogo wako ameota meno mawili na anauma kila mutu.

Unauliza kwa nini mwalimu wa kemia amekukata pointi kwa kuandika dioksidi ya kaboni pahali pa monoksidi, wakati tofauti ni oksijeni moja tu.

Nilipokuwa msichana kule Kabambare, siku moja ya mvua dada yangu na mimi tuliingiza mbabula ya makala, jiko letu la mkaa, ndani, tukafunga mlango na dirisha. Tulizimia. Baba alivunja mlango, tukapona. Lakini watu walisema Mama Sifa ametuloga, jirani aliyetugawia yale makala. Hata mimi niliacha kumusalimia, mpaka akafa.

Sasa barua yako inanifundisha: kaboni ikishirikiana na oksijeni mbili, ni hewa tunayotoa puani kila siku, ikishirikiana na moja, inaua bila harufu.

Hesabu vizuri, mama yangu. Sisi hatukujua jina lake, tukaipa la mutu.

Binti ya Mama Sifa iko Lusangi. Kesho ninapanda pikipiki, nimusomee barua yako.

Koko wako